SOMO: Kuku wageni wamefika nyumbani, ufanye nini mpaka wakuzoee

Nimejibu maswali haya mpaka vidole vimechoka. "Nimenunua kuku, wananikimbia, nifanyeje?" "Nimewafungulia asubuhi, jioni hawakurudi, nifanyeje?" Leo naandika yote mahali pamoja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa hapa.

Nipo Ujiji, nafuga kuku wa kienyeji uani kwangu. Somo hili ni la mtu anayeanza na mitetea watatu au wanne, anayetaka mayai ya nyumbani na kuku wanaomjua. Mwenye kuku mia tano wa kisasa atafute somo jingine.

Hatua ya 1. Banda liwe tayari kabla hujanunua kuku. Lisivuje, lipitishe hewa, mlango ufungike, fito za kulalia ziwepo.

Hatua ya 2. Nunua kwenye nyumba moja, kuku waliokua pamoja, wasipungue wawili. Kuku wa peke yake hatulii. Tazama macho yawe maangavu, pua kavu, na manyoya ya nyuma yasiwe yamegandamana kwa kinyesi. Muulize muuzaji walikuwa wanakula nini.

Hatua ya 3. Wasafirishe kwenye tenga lenye nyasi chini, si kwa kuwaning'iniza vichwa chini kwenye usukani wa baiskeli kama tunavyoona kila siku njia ya Mwandiga. Kuku hana kiwambo kinachotenga matumbo na mapafu kama sisi; ukimning'iniza, matumbo yanamlalia na pumzi inambana. Fika nao jioni. Giza likishaingia kuku haoni vizuri, kwa hiyo hahangaiki. Mpandishe mmoja mmoja kwenye fito, funga mlango, ondoka. Majirani watakuja kuwaona wiki ijayo.

Hatua ya 4. Asubuhi maji kwanza, chakula baadaye. Kuku mkubwa anakunywa kama robo lita kwa siku, kukiwa na joto anazidisha. Chakula ni gramu 100 hadi 120. Siku za mwanzo wape kile kile walichozoea, cha kwako kiingie kidogo kidogo.

Hatua ya 5. WAFUNGIE SIKU 10. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo hapa ndipo nitakaposema sana.

Mwaka 2019 nilinunua mitetea wanne. Siku ya pili asubuhi walikuwa wanalia na kuzunguka ukutani mwa banda, nikawahurumia. Nikafungua mlango. Walikaa uani mpaka adhuhuri, wanachakura chini ya mchikichi, nami nikajisemea mbona wameshazoea. Magharibi nikatoka na bakuli la pumba, hakuna hata mmoja. Tulitafuta kwa tochi mpaka saa nne usiku. Mmoja tulimwona juu kabisa ya mwembe wa jirani, hatukuweza kumfikia. Asubuhi chini ya mti yalikuwepo manyoya tu, kicheche alishapita. Mmoja alirudi mwenyewe siku ya tatu, mguu mmoja anauvuta. Wawili sijawaona tena. Kosa halikuwa lao. Kuku jioni hurudi mahali anapopajua kuwa ni kwake, na mimi sikuwapa muda wa kupajua.

Basi zingatia haya. Kelele za siku mbili tatu za kwanza si mateso, ni ugeni. Zikikushinda, kaa mbali na banda. Usihesabu siku peke yake, angalia pia dalili: jua likizama wapande fito wenyewe bila kuswagwa. Wakifanya hivyo jioni tatu mfululizo, na siku 10 zimetimia, wako tayari. Siku ya kwanza ya kuwafungulia usifungue asubuhi. Fungua saa moja kabla ya jua kuzama, wakiwa na njaa, chakula kiwe ndani ya banda na mlango wazi. Watatoka, watachungulia, njaa na giza vitawarudisha. Kesho yake ongeza saa moja. Usifanye siku ya mvua, wala siku yenye wageni nyumbani. Na msiwafunge kamba mguuni, nawaomba. Kamba inakaza, mguu unavimba, na kuku anayevutwa na kamba anajifunza jambo moja tu: kwamba hapa ni pa kukimbia.

Hatua ya 6. Kumzoesha mkono. Hii inaanza akiwa bado amefungiwa, ndiyo maana hizo siku 10 si za bure.

Kanuni ni moja: usimfuate, aje yeye. Kila anayenyoosha mkono kutoka juu, kwa kuku ni mwewe. Kwa hiyo kaa chini, kabisa, kwenye kigoda kifupi au kwenye gunia, ubavu ukimwelekea yeye, wala usimkazie macho. Tumia bakuli moja siku zote na sauti moja siku zote. Mimi nagonga bakuli la bati mara tatu kabla ya kumwaga chakula. Siku mbili za kwanza mwaga na uondoke. Siku ya tatu mwaga na ubaki umekaa hatua nne mbali. Kila siku sogea kidogo. Wakisimama na kunyoosha shingo, umewahi mno. Rudi ulikokuwa jana. Halafu weka mkono chini, kiganja wazi, kitu kitamu ndani yake, na utulie.

Nina kuku ninayemwita Mawese kwa wekundu wake. Siku ya tisa alikuja, akasimama, akainua mguu mmoja na kuuacha hewani, akageuza kichwa akanitazama kwa jicho moja. Nilihesabu mpaka arobaini. Kisha akachukua dagaa mmoja kiganjani, haraka, mdomo ukanigusa kama ncha ya kalamu. Akaenda kumla mbali. Alivyorudi mara ya pili hakwenda mbali tena. Leo nikikaa anapanda pajani, nikimkuna chini ya shingo kope zake zinapanda kutoka chini kwenda juu, maana kuku hufumba jicho kwa kope la chini, na analala hapo hapo.

Watoto wafundishwe hili kabla ya kuku kufika. Ukimkimbiza kuku mara moja, umefuta kazi ya wiki nzima. Ukilazimika kumshika kwa dawa au chanjo, mshike usiku akiwa kwenye fito, mbawa zote mbili ndani ya mikono, kifua chake kwenye kifua chako.

Hatua ya 7. Kama una kuku wa zamani, wageni wakae banda la mbali kwa wiki mbili, vyombo vyao mbali, na wewe uwahudumie wa zamani kwanza kisha wageni. Zikipita salama, watenganishe kwa wavu waonane wiki moja. Kisha wachanganye usiku, juu ya fito. Watagombana siku chache wapange nani mkubwa. Usiingilie kama hakuna damu. Weka vyombo viwili vya chakula ili mnyonge naye ale.

Hatua ya 8. Chanjo ya mdondo (Newcastle), ile ya tone la jicho, kila miezi mitatu. Chupa moja inatosha kuku wa nyumba nyingi, changeni na majirani.

MASWALI YA WANACHAMA

Fundi Baiskeli: Somo refu, sijasoma lote. Nawafungia siku ngapi?

Mwenye somo: Hatua ya 5. Isome yote, imeandikwa kwa herufi kubwa.

Dada wa Gungu: Asante sana kwa somo. Nimewanunua wakiwa wanataga, muuzaji alinionyesha mayai. Sasa wiki ya pili hakuna hata yai moja. Nimedanganywa?

Mwenye somo: Hapana, dada. Kuku akihamishwa hukata kutaga, wiki moja hadi tatu ni kawaida, wengine wanapukutisha manyoya kidogo kwanza. Weka kiota kona yenye giza, majani makavu ndani, na yai bovu au jiwe jeupe lenye umbo la yai ili ajue ni hapo. Ukishaanza kuwafungulia, usiwaache watoke mapema mno asubuhi, la sivyo watatagia vichakani na utadhani hawatagi.

Mzawa: Bibi yangu Kasulu amefuga kuku miaka yote, hakuna aliyefungiwa hata siku moja na wote wanarudi. Mnawadekeza tu hawa.

Mwenye somo: Kuku wa bibi wameanguliwa pale pale, mama yao ndiye aliyewaonyesha pa kulala. Hili ni somo la kuku wageni. Muulize bibi anavyofanya akiletewa kuku wa zawadi kutoka kijiji kingine, kisha urudi utuambie.

Mwalimu wa Darasa la Pili: Shikamoo mama. Mwanangu ameniuliza swali nimeshindwa. Kwa nini kuku anatutazama kwa jicho moja? Hatuoni sawasawa?

Mwenye somo: Marahaba, mwalimu. Mwambie ameuliza vizuri. Macho ya kuku yako ubavuni mwa kichwa, si mbele kama yetu, kwa hiyo anaona eneo kubwa sana bila kugeuka. Lakini akitaka kukichunguza kitu, lazima akielekezee jicho moja. Kwa hiyo akikugeuzia jicho si dharau wala woga, anakusoma. Hapo ndipo pa kutulia. Na mtoto afanye jaribio hili: akae chini siku tatu na nguo ile ile, siku ya nne avae kofia kubwa. Atawaona wanavyosita. Kuku anashika sura za watu na anajua nani ni nani, ila ukimbadilishia umbo ghafla anataka muda akutambue tena.

Kijana wa Mwanga: Habari. Nilinunua watano sokoni Jumapili nikawachanganya siku hiyo hiyo na wa kwangu kumi na wawili. Leo sita wamezubaa, mharo wa kijani, wawili shingo zimepinda. Niwape antibayotiki gani ya haraka?

Mwenye somo: Hakuna. Dalili hizo ni za mdondo, na mdondo ni kirusi, antibayotiki haikiui. Kuwachanja wanaoumwa sasa hakutawaponya. Mpigie afisa mifugo wa kata yako leo, si kesho. Usiuze hata mmoja, usigawe nyama, usitupe mizoga jalalani. Ichome au ichimbie shimo refu. Usiende kwenye banda la mtu mwingine na viatu hivyo. Hatua ya 7 ipo kwa ajili ya hili.

Kijana wa Mwanga: Sawa mama, lakini wengi wanachanganya tu na hakuna kinachotokea.

Mwenye somo: Na kwako kimetokea. Piga simu kwanza, tutaongea baadaye.

Mchuuzi wa Kibirizi: Mimi dagaa vumbi napata bure pale wanapoanika. Naweza kuwalisha hao tu? Tatizo mke wangu anasema mayai yananuka samaki.

Mwenye somo: Mkeo yuko sahihi, ukizidisha dagaa yai linashika harufu. Kwa kuku wanne, kiganja kimoja kwa siku kinatosha, mengine yawe pumba, chenga za mahindi na majani mabichi. Peta mchanga kwanza. Na uonje: kama ni samaki wa chumvi usiwape kabisa, chumvi nyingi inaua kuku. Kwa kumzoesha mkono dagaa hana mpinzani, lakini nunua siku za giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa za wavuvi hazivuti dagaa, na bei unaijua wewe kuliko mimi.

Dada wa Gungu: Na Ziwa Tanganyika likifungwa, uvuvi usimame, je? Ule mwaka 2024 tulikaa miezi 3.

Mwenye somo: Ndipo nilipojifunza mchwa. Chukua chungu kibovu au ndoo iliyotoboka, jaza mabua ya mahindi makavu yaliyokatwakatwa na kinyesi kikavu cha ng'ombe, nyunyizia maji kiasi cha kulowa. Jioni kifudikize juu ya njia ya mchwa, karibu na kichuguu, ukwangue udongo kidogo kwanza. Funika kwa majani mabichi kisipigwe na jua. Kesho yake asubuhi na mapema fudua mbele ya kuku. Siku hiyo utaona kuku asiyekupenda akikufuata mpaka jikoni.

Mtu wa Tabora: Huku Isevya mchwa ndiyo dagaa wetu. Nyongeza: ukiwachukua asubuhi, acha wengine humo humo chomboni, usihame mahali, kesho wanajaa tena. Swali langu ni mwewe. Wangu wameshazoea, ila sasa wanazurura mbali.

Mwenye somo: Asante kwa nyongeza, nami nitaijaribu. Kuhusu mwewe, kuku mkubwa anahitaji pa kujificha tu: panda kichaka, au egemeza makuti mahali pawili uani. Vifaranga ndio wa kufunika kwa wavu. Sisi huku tunatumia nyavu za dagaa zilizochakaa, lakini zikaze vizuri, zikilegea wananasa miguu.

Mwalimu wa Darasa la Pili: Mama, tumerudi. Siku ya 20 leo. Wawili wanakula mkononi. Wa tatu, yule mweusi, anasimama hatua mbili na haji kabisa. Mtoto anasononeka, anaona hampendi.

Mwenye somo: Mwambie hatua mbili ndizo alizompa, azipokee. Mimi nina mmoja wa kijivu, mwaka wa nne sasa, hajawahi kula mkononi mwangu. Lakini nikigonga bakuli anakuja, anasimama pale pale pake karibu na jiwe la kufulia. Namrushia chake hapo. Mtoto naye amwekee wa kwake mahali hapo hapo kila siku, kisha atazame pembeni.