SOMO: Kupiga picha za watoto wakiwa mchezoni, zisitoke na ukungu

Wakuu, kila msimu wa UMITASHUMTA na UMISSETA, yaani michezo ya shule za msingi na sekondari, naona picha zilezile: miguu yenye ukungu na migongo ya watoto. Mara nyingi kamera haina kosa. Kosa ni spidi ya shata (muda ambao pazia la kamera linakaa wazi) na mahali mpigaji aliposimama.

Hatua ya 1: Spidi. Mtoto anayekimbia mita 6 kwa sekunde, ukimpiga kwa 1/60 ya sekunde anakuwa ameshasogea sentimita 10 kabla shata haijafunga. Kwa 1/1000 anasogea milimita 6 tu. Weka kamera kwenye modi ya S (Canon ni Tv), ambapo wewe unachagua spidi, anza na 1/1000, usishuke chini ya 1/500.

Hatua ya 2: ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) iwe Auto, ukomo 6400. Ikifika saa kumi na mbili kasoro jioni mwanga unakimbia, na picha itakuwa na chenga. Ziache. Picha ya chenga mzazi ataipokea kwa furaha, ya ukungu hataiangalia mara mbili.

Hatua ya 3: Fokasi ya kufuata, yaani AF-C, au Servo kwa Canon. Bonyeza kitufe cha kupigia nusu, mapema, mfuate mchezaji kifuani. Usiufuate mpira, utakupoteza.

Hatua ya 4 ndiyo yenye uzito kuliko zote: simama wapi? Kaa karibu na kibendera cha kona, upande ambao timu inashambulia kuja kwako, jua likiwa mgongoni kwako. Kisha piga goti. Ukisimama wima unapata nywele na vumbi. Ukiwa chini unapata uso: binti wa netiboli chini ya goli, kidole cha mwisho kikiachia mpira, meno yameuma mdomo wa chini, macho yote kwenye ringi. Angalia na nyuma yake. Ukisogea hatua mbili tu, gari lililoegeshwa linatoka, na wanafunzi wanaoshangilia wanaingia.

Hatua ya 5: Bonyeza kabla. Kwa mpira wa kichwa, anza mpira unaposhuka, piga mfululizo picha nne au tano. Ukisubiri uguse kichwa, umechelewa.

MASWALI

Mkuu, mimi nina simu tu. Nifanyeje?
Inatosha mchana kweupe, ila usivute kwa kuzumu, sogea wewe. Ili mbio zikuwie rahisi, kaa mbele ya mstari wa kumalizia, pembeni ya njia, washa picha za mfululizo.

Lenzi yangu ni ile ya 18-55 iliyokuja na kamera. Watoto wanatoka kama sisimizi.
Usiwafukuzie katikati ya uwanja, dada. Kaa nyuma ya goli, usubiri waje. Ukipata fedha, tafuta lenzi ya kuvuta mbali, 55-250, ya mtumba, lakini ijaribu kwanza uone kama fokasi inashika.

Naweza kuzirusha kwenye grupu la wazazi?
Omba ruhusa kwa mwalimu mkuu na wazazi kabla ya mechi, si baada. Usiandike jina la mtoto pamoja na shule yake. Aliyeanguka sketi ikapanda, futa hapohapo uwanjani. Na kipa anayelia baada ya kufungwa penalti, picha yake nampa mzazi wake peke yake, akiitaka.