Usiruke majina: somo la kumfuata Nashoni

Tarehe 17 Desemba misa ya Kikatoliki husoma Mathayo 1:1-17, orodha ya ukoo wa Yesu, na kila mwaka kuna msomaji anayeteseka. Mwaka juzi nilikuwa mimi, misa ya asubuhi hapa Moshi. Nilikwama kwenye Shealtieli mpaka mama wa benchi la mbele akanitamkia kwa midomo. Jumuiya yetu ikaamua majina haya tusiyapite tena kama daladala iliyojaa inavyopita kituo.

*Hatua ya 1.* Soma orodha kwa sauti, penseli mkononi. Chagua jina moja usilolijua. Abrahamu na Daudi waache, wana wasemaji wengi. Sisi tulimchukua Nashoni, mstari wa 4.

*Hatua ya 2.* Mtafute kwingine, ila angalia tahajia. Esromu wa Mathayo ndiye Hesroni wa Ruthu 4, na Aramu ndiye Ramu. Mwenzetu alipoteza nusu saa akimsaka Aramu kwenye Ruthu.

*Hatua ya 3.* Hapa ndipo penye utamu, msiharakishe. Kutoka 6:23: dada yake Nashoni, Elisheba, ni mke wa Haruni. Kumbe ni shemeji wa kuhani mkuu! Hesabu 1 na 2: ndiye mkuu wa kabila la Yuda, watu 74,600, kambi yao upande wa mashariki. Hesabu 7: madhabahu inawekwa wakfu, naye analeta sadaka siku ya kwanza: sahani ya fedha ya shekeli 130, bakuli la shekeli 70, kijiko cha dhahabu cha shekeli 10 kimejaa uvumba. (Wakuu wengine 11 wanaleta vilevile kabisa, siku moja moja. Vumilieni.) Hesabu 10:14: msafara unapong'oa kambi, Yuda wanatangulia, na Nashoni ndiye mkuu wao.

Sasa fungua Hesabu 14. Waliohesabiwa, wenye miaka 20 na zaidi, watafia jangwani, isipokuwa Kalebu na Yoshua. Maana yake aliyetangulia mbele ya msafara hakufika nchi ya ahadi. Tulipofikia hapo mzee wetu mmoja, seremala, alivua miwani akasema, "Alipanda migomba, ndizi hakula."

*Hatua ya 4.* Tazama anayemfuata. Salmoni, mwanawe, kwa Rahabu akamzaa Boazi. Boazi na Ruthu, wazazi wa babu yake mfalme Daudi, mnawajua.

*Hatua ya 5.* Habari ikiisha, nyamaza. Mapokeo ya Kiyahudi husimulia kwamba Nashoni aliingia baharini kabla maji hayajagawanyika. Simulizi tamu, lakini kwenye Kutoka haimo. Iandike pembeni.

*MASWALI YA WANAJUMUIYA*

*Mwalimu, shikamoo. Rahabu huyo ni yule wa Yeriko, aliyewaficha wapelelezi?*
Marahaba. Wafasiri wengi wanasema ndiye. Ila kitabu cha Yoshua hakisemi aliolewa na nani. Kwamba alimzalia Salmoni, tunaambiwa na Mathayo tu.

*Mbona Mathayo karuka wafalme? Nimelinganisha na 1 Nyakati 3.*
Hongera, umefanya kazi. Kati ya Yoramu na Uzia hawapo Ahazia, Yoashi na Amazia. Mathayo anapanga vizazi 14 mara tatu, na "akamzaa" kwa Waebrania huweza kumfikia mjukuu au kitukuu. Wengi huona 14 ni jumla ya herufi za jina Daudi kwa Kiebrania, ambako kila herufi ni namba pia: 4, 6, 4.

*Nimechagua Azori, sioni kitu popote.*
Hutaona. Kuanzia Abihudi hadi Matani, babu yake Yusufu, Agano la Kale halituelezi habari zao. Lakini mmoja akikatika hapo, Yusufu hapatikani. Chagua Zerubabeli, soma Ezra 3.

*Mwalimu, nimejaribu hatua hizi kwetu Kibosho. Baba wa babu tunalo jina lake tu, na baba hakumbuki zaidi.*
Liandike jina hilo leo, usingoje. Kisha ukipanda nyumbani Krismasi, usimuulize baba, muulize shangazi mkubwa. Uliza huyo baba wa babu alioa wapi na alizikwa upande gani wa kihamba, shamba la ukoo. Kaburi likisawazika, masale, ile mimea ya kuonyesha kaburi, yaliyopandwa pale huenda bado yapo.