Mzee Ameanza Kusahau: Mambo ya Kufanya Kabla na Baada ya Kumwona Daktari

Kazi yangu ni uuguzi wa wazee. Familia zikifika kliniki hupitia kwangu kabla ya kuingia kwa daktari, na maneno ninayoyasikia kuliko yote ni, "Tulidhani ni uzee tu." Uzee humchelewesha mtu kukumbuka jina, halafu jina lenyewe linamjia akiwa ameshageukia jambo lingine. Lakini mzee anayeuliza swali lile lile kila baada ya dakika chache, anayepotea kwenye njia aliyoizoea, au anayewatuhumu watoto kuwa wamemwibia kitu alichokificha mwenyewe, huyo anahitaji kupimwa.

Kabla ya kumpeleka, chukua daftari uandike nini kimebadilika, kilianza lini, na kama kilikuja polepole au ghafla. Hilo la mwisho ndilo zito. Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu kidogo kidogo, hunyemelea; ndugu wakikaa wakakumbushana, mara nyingi hugundua dalili zilikuwepo tangu mwaka jana au mwaka juzi. Mzee aliyekuwa mzima juzi na leo hajui yuko wapi, anaona vitu visivyokuwepo au haamki vizuri, mpeleke leo leo. Yaweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, sukari iliyoshuka, upungufu wa maji, au damu iliyovia kichwani baada ya kuanguka wiki kadhaa zilizopita. Mdomo ukipinda au mkono ukilegea, huenda ni kiharusi. Hapo kila dakika ina thamani.

Kisha kusanya dawa zake zote. Nasema zote: za hospitali, za dukani, za mitishamba, hata zile alizopewa na rafiki. Zitie kwenye mfuko mmoja uje nazo. Mimi huzimwaga mezani na kuzipanga, na ninazozitafuta kwanza ni dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi, dawa za kulalia za jamii ya diazepamu, amitriptilini, na oksibutinini wanayopewa wenye shida ya kubana mkojo. Ukiacha diazepamu, ambayo hupumbaza ubongo kwa njia yake, hizo nyingine huzuia asetilikolini, kemikali ambayo ubongo huitegemea katika kumbukumbu na ambayo mgonjwa wa Alzheimer tayari anayo kidogo. Nimewahi kuona mama aliyekuwa akitangatanga usiku kucha akitulia baada ya daktari kumpunguzia dawa. Ila usizikatishe mwenyewe. Diazepamu iliyotumika muda mrefu ikikatwa ghafla huweza kuleta degedege.

Ukiwa kwa daktari, uliza kuhusu kipimo cha vitamini B12, tezi ya thairoidi, sukari, figo na wingi wa damu, na picha ya kichwa kama inapatikana. Uliza pia kuhusu sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Sonona ya uzeeni hujificha ndani ya usahaulifu, na ina tiba.

Halafu kuna masikio, ambayo karibu hakuna anayeyataja. Aliwahi kuletwa mzee mmoja na mkewe. Kila nilichomuuliza, mama alimjibia. Nikamwomba mama atuachie nafasi, nikamsogelea mzee, nikakaa anione midomo, nikamuuliza upya taratibu. Akanitajia siku, mwezi, na majina ya wajukuu wake. Masikio yalikuwa yamezibwa na nta. Lakini jambo hili lina uzito kuliko nta. Mwaka 2024 tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilitaja vihatarishi 14 vinavyoweza kurekebishwa, ikakadiria kwamba vinahusika na takribani asilimia 45 ya visa vyote vya demensia duniani (demensia ni jina la jumla la magonjwa ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, Alzheimer ikiwemo), na kupungua kwa usikivu ni miongoni mwavyo vyenye uzito mkubwa. Mtu asiyesikia hujitenga na mazungumzo, na upweke nao umo kwenye orodha hiyo hiyo. Kwa hiyo mpime masikio, na kama anahitaji kifaa cha kusikia, msaidie akizoee. Macho vilevile: mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi.

Vihatarishi vingine unavijua: presha, kisukari, kolesteroli mbaya, unene, sigara, pombe nyingi, kukaa bila kufanya mazoezi, kuumia kichwa. Kwangu presha ndiyo ya kwanza, na hapa sasa nasema nawe uliyemleta mzazi. Protini iitwayo amiloidi huanza kujikusanya katika ubongo miaka 15 hadi 20 kabla ya dalili, na presha inayoumiza zaidi ubongo wa uzeeni ni ile iliyoachwa ikapanda mtu akiwa na miaka arobaini na hamsini. Pima yako siku hiyo hiyo unapompimisha mzazi. Tembea kwa mwendo wa kukutoa jasho kidogo. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki. Watu huniuliza pia kama ugonjwa huu ni wa kurithi. Jeni aina ya APOE4 huongeza uwezekano wa kuugua, lakini wapo wanaoibeba mpaka wanazeeka salama, na wapo wagonjwa wasiokuwa nayo.

Vidonge vya "kuongeza kumbukumbu" vinanisikitisha, maana familia huvinunua na kuiacha dawa ya presha. Majani ya ginkgo yalijaribiwa kwa wazee zaidi ya 3,000 nchini Marekani, matokeo yakatolewa mwaka 2008: hayakuzuia demensia.

Ikithibitika kuwa ni Alzheimer, dawa zipo ingawa haziponyi. Donepezili, rivastigmini na galantamini huongeza ile asetilikolini. Memantini hutumika ugonjwa ukishakomaa. Tarajia nafuu ndogo, na kwa wengine hakuna mabadiliko. Donepezili huweza kuleta kichefuchefu na kupunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo mzee anayezimia au aliyewahi kuwa na tatizo la moyo, mwambie daktari kabla hajaanza. Akisumbuliwa na ndoto kali, muulize daktari kama anaweza kuimeza asubuhi. Lekanemabu na donanemabu, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2023 na 2024, huondoa amiloidi na kupunguza kasi ya ugonjwa, lakini ni kwa walio katika hatua za mwanzo tu, kwa kawaida hutolewa kwa dripu, na mgonjwa lazima apigwe picha za MRI mara kwa mara kwa sababu ubongo unaweza kuvimba au kuvuja damu.

Nyumbani, acha kubishana naye. Akisema anamtaka mama yake aliyefariki zamani, usimpe habari za msiba upya, mwambie, "Hebu nisimulie alivyokuwa." Akihamaki ghafla, tafuta kwanza maumivu, choo kigumu, kiu au mkojo unaomchoma, kwa sababu mara nyingi hasira ndiyo lugha aliyobaki nayo. Dawa kali za kutuliza, kama haloperidoli, huongeza hatari ya kiharusi na kifo kwa wagonjwa wa demensia. Zisitumike ila kwa hatari ya kweli, kwa kiwango kidogo na kwa muda mfupi.

Mambo ya fedha na wosia yashughulikieni mapema, angali anaelewa anachosaini. Muulize yeye mwenyewe nani amsimamie na angependa kutunzwa wapi. Na kama ni wewe peke yako unayemuuguza, waite ndugu mgawane zamu za usiku kabla hujaanza kuugua wewe.