Kupiga picha za mwani kwa kazi ya shule

Mwalimu alitaka tuoneshe kwa picha lengo moja kati ya 17 ya maendeleo endelevu, yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015. Nilichagua la 14, uhai wa baharini, nikaenda Paje, kijiji cha pwani Zanzibar, kwa wakulima wa mwani.

Chagua siku ambayo maji yanakupwa asubuhi; jua la saa sita hutia kivuli kizito usoni, hasa chini ya mtandio. Salimia kwanza, omba ruhusa. Washa mistari ya gridi kwenye simu, mama mkulima umweke pale inapokutana, si katikati. Upeo wa bahari usimkate shingo: chuchumaa, kichwa kibaki na mbingu tupu. Safu za vigingi na kamba zielekee kwake, ndizo zinazoongoza jicho. Mikono yake ipige kwa karibu kabisa.