Jinsi ya kuomba kibali cha kujenga matuta ya mawe ufukweni, Mtwara na Lindi

Bahari ikianza kula ufukwe, wengi hukimbilia kuagiza lori la mawe na kuyamwaga mbele ya nyumba. Usifanye hivyo. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Bila kibali, utaambiwa uyatoe kwa gharama yako.

Kabla ya kuandika barua, pima. Chagua kitu kisichohama, kama kona ya msingi wa msikiti (mnazi usiutegemee, ndio wa kwanza kuondoka), uvute futi kamba hadi pale maji ya bamvua (siku za maji makuu) yanapofika. Andika tarehe, piga picha ukiwa umesimama palepale. Rudia wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, kwa sababu pepo zikigeuka, mchanga nao hugeuka njia. Upo ufukwe unaolika miezi ya kusi kisha ukajijaza wenyewe. Huo hauhitaji mawe.

Jua pia unaomba nini. Ukuta wa mawe hulala sambamba na ufukwe na kulinda ukingo. Tuta huingia baharini na kunasa mchanga unaosafiri kando ya pwani. Hapa ndipo maombi mengi yanapostahili kukwama: mchanga ulionaswa kwako ndio uliokuwa ukienda kwa jirani. Kusi husukuma mchanga kuelekea kaskazini, kwa hiyo kijiji kilicho kaskazini mwako ndicho kitakachoanza kulika. Kiite mapema, na maoni yake yaandikwe. Ukisubiri hadi mawe yashushwe, utakutana na watu wake kwa mkuu wa wilaya.

Sasa barua. Anza na serikali ya kijiji, au ya mtaa kama uko mjini, uombe suala liingie kwenye mkutano wa wananchi. Muhtasari uwe na mihuri, sahihi na orodha ya mahudhurio. Hakikisha wavuvi na BMU (kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi ufukweni) wamo, na ramani yako ionyeshe diko, yaani mahali vyombo vinapotia nanga na kushusha samaki, na njia ya vyombo. Tuta likiziba mahali pa kuvutia ngalawa, hakuna atakayelitetea. Kutoka hapo barua hupitia kwa Mtendaji wa Kata hadi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri. Omba afisa mazingira na mhandisi waje kuona eneo maji yakiwa yamekupwa.

Kama uko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, Msimbati kwa mfano, wasimamizi wa hifadhi lazima waridhie. Palipo na mikoko, nenda TFS, Wakala wa Huduma za Misitu.

Ndipo unapofika NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Tafuta mtaalamu wa mazingira aliyesajiliwa. Yeye ndiye atakayeandaa maelezo ya mradi na kuyasajili. NEMC itaamua mradi unahitaji tathmini ya kiwango gani, nawe utalipa ada kwa namba ya malipo ya Serikali, kamwe si mkononi. Soma mchoro kabla haujawasilishwa. Uonyeshe uzito wa mawe, kitambaa cha kuchuja kinachotandikwa chini yake ili mchanga usinyonywe, na kina cha msingi. Mchoro usio na msingi ni rundo la mawe tu, nalo litazama.

Mawe yatoke kwenye machimbo yenye leseni, risiti uzitunze. Matumbawe usiyaguse.

Cheti cha mazingira kikitoka huja na masharti, mara nyingi ya kufuatilia ufukwe na kutoa taarifa. Vile vipimo vyako vya futi kamba ndivyo vitakavyolinganishwa. Panga maombi ili kazi iangukie matlai, msimu wa upepo mwanana, bahari ikiwa imetulia, na msingi uchimbwe siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali kuliko siku nyingine.