Kutoka mfiziotherapia wa kuajiriwa hadi mbia wa kliniki Marekani

Wengi wetu tunaofanya fiziotherapia Marekani tulifika na lengo moja: leseni. Tathmini ya vyeti kupitia shirika la FCCPT, mtihani wa Kiingereza, kisha NPTE, mtihani wa kitaifa wa leseni, na alama zake 600 za kufaulu humaliza nguvu za mtu. Leseni ikipatikana tunamshukuru Mungu, tunatibu wagonjwa, na miaka inakwenda. Halafu unasikia mwenzako aliyeajiriwa baada yako sasa ni mkurugenzi wa kliniki na ana hisa ndani yake, unajiuliza kapitia wapi.

Njia ipo. Ila kwa mhamiaji haianzii kazini, inaanzia kwenye viza. Mwenye H-1B, viza ya kazi inayoombwa na mwajiri, ameruhusiwa kufanya kazi iliyoandikwa kwenye maombi ya mwajiri wake. Ukipewa ukurugenzi na majukumu yakabadilika sana, huenda mwajiri akalazimika kupeleka maombi ya marekebisho, kwa hiyo muone wakili wa uhamiaji kabla ya kusaini cheo kipya. Habari njema ni kwamba fiziotherapia, pamoja na uuguzi, imo kwenye Schedule A, orodha ya Idara ya Kazi ya fani zenye upungufu wa wafanyakazi. Mwajiri anayekuombea grini kadi haombi cheti cha idara hiyo cha kuthibitisha kwamba Wamarekani wa kuifanya kazi yako wamekosekana. Hiyo ni hatua ndefu inayoondoka mbele yako.

Kuhusu hisa, ushauri wangu ni mmoja: ikiwezekana, pata grini kadi kwanza. Kumiliki sehemu ya kampuni hiyo hiyo inayokudhamini huzua maswali kama ajira yako ni ya kweli. Kampuni iliyosajiliwa kama S corporation, ambayo faida yake hutozwa kodi kwa wanahisa wenyewe, nayo hairuhusiwi kuwa na mwanahisa ambaye, kwa sheria za kodi, si mkazi wa Marekani. Angalia pia sheria ya jimbo lako. New York, kwa mfano, hutaka wamiliki wa kampuni ya kitaaluma wawe wenye leseni, wakati katika majimbo mengine wawekezaji wasio na leseni wanaweza kumiliki kliniki.

Lakini usingoje grini kadi ndipo uanze kujifunza biashara.

Tunaamini kwamba mikono mizuri itatupandisha. Tunasomea OCS, cheti cha ubingwa wa mifupa na viungo, wagonjwa wanatusifu, tunangoja. Tumelelewa kwamba mkubwa ndiye anayemwona mdogo na kumwinua, na kujitaja mwenyewe ni kukosa adabu. Huku, asiyesema anahesabiwa kuwa ameridhika na alipo. Mwambie bosi wako waziwazi: "Ningependa kuongoza kliniki ndani ya miaka miwili. Naomba unionyeshe namba unazozitazama unapopima kliniki hii." Sentensi ya pili ina uzito kuliko ya kwanza, maana anayeuliza namba ameshaanza kufikiri kama mwenye mali.

Namba zenyewe hazitishi. Fungua ratiba yako ya wiki. Tuseme una miadi 60 na wanaofika ni 50. Kama kliniki inalipwa wastani wa dola 95 kwa kila mgonjwa anayefika, nafasi hizo 10 tupu zinaipotezea dola 950 kwa wiki. Kwa wiki 50 ni dola 47,500, na hapo tumemhesabu mtaalamu mmoja tu. Sasa chunguza ni nani hawafiki. Mara nyingi ni walioondoka siku ya kwanza bila kupanga miadi ya wiki tatu zinazofuata, au ambao hakuna aliyewaeleza kwa nini wanatakiwa kurudi. Mfiziotherapia anayeziba pengo hilo kwenye ratiba yake, kisha akawafundisha wenzake wawili, tayari anafanya kazi ya mkurugenzi.

Namba ya pili ni yuniti, yaani kipimo cha muda wa matibabu kinachotumika kudai malipo. Kwa hesabu ya Medicare, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee, matibabu yanayopimwa kwa muda, kama mazoezi (msimbo wa malipo 97110) au tiba ya mikono (97140), huhesabiwa hivi: dakika 8 hadi 22 ni yuniti moja, 23 hadi 37 mbili, 38 hadi 52 tatu. Aliyemtibu mgonjwa dakika 40 akaandika yuniti mbili ameitoa bure kazi halali. Aliyemtibu dakika 30 akaandika tatu amefanya udanganyifu, na leseni inaweza kuondoka. Jua pia kwamba tangu 2022 Medicare hulipa asilimia 85 ya kiwango cha kawaida kwa huduma inayotolewa na msaidizi wa fiziotherapia. Hilo pekee hubadilisha namna ya kupanga nani amtibu nani.

Ukipewa ukurugenzi, usishangilie cheo. Kwenye kliniki nyingi za wagonjwa wa nje, mkurugenzi anaendelea kutibu sehemu kubwa ya wiki, anaongezewa pesa kidogo, na lawama zote zinakuwa zake. Uliza mambo matatu: nitapewa saa ngapi za utawala kwa wiki, nitakuwa na sauti katika kuajiri na kuachisha kazi, na kila mwezi nitaona taarifa ya mapato na matumizi ya kliniki? Wakikataa la tatu, wanatafuta msimamizi wa zamu. Kukaa hapo mwaka mmoja kwa ajili ya uzoefu ni sawa. Kukaa mitano ukitumaini hisa ni kujidanganya.

Ubia huja kwa milango kadhaa. Kuna kampuni ambazo mtindo wake ndio huo: U.S. Physical Therapy ya Houston, iliyoanzishwa 1990, kwa kawaida hushika sehemu kubwa ya kliniki na kumwachia mtaalamu anayeiongoza sehemu ndogo. Unaweza kufungua kliniki mpya na mwenzako, ingawa usajili wa Medicare na wa kila bima binafsi huchukua miezi, na pango la jengo halikusubiri. Mlango ninaoupenda zaidi kwa watu wetu ni kliniki ya mmiliki mmoja anayekaribia kustaafu. Wagonjwa wapo, madaktari wanaotoa rufaa wapo, mikataba ya bima ipo, na yeye anatafuta mtu wa kumwachia. Unaweza kununua asilimia 10, kisha 25, ukiwa bado unalelewa kikazi.

Hapa ndipo pa kusoma kila mstari. Ofa nyingine zinazoitwa ubia ni bonasi iliyopewa jina kubwa, na ukiondoka huondoki na kitu. Nyingine zinakupa haki ya faida na ongezeko la thamani kuanzia siku unayoingia tu. Nyingine ni hisa kamili. Kama hisa zinaiva kidogo kidogo kwa miaka, yaani zinakuwa zako kamili hatua kwa hatua, muulize mhasibu kuhusu barua ya 83(b), ya kuchagua kutozwa kodi ya hisa hizo mapema, ambayo IRS, mamlaka ya kodi, inataka ipelekwe ndani ya siku 30 tangu upewe hisa. Ukichelewa hakuna msamaha.

Kodi ndiyo huwashtua wengi. Mbia kwa kawaida hapati tena W-2, fomu ya mshahara wa mwajiriwa, anapata K-1, fomu ya fungu la faida ya mbia, na anatozwa kodi kwa fungu lake la faida hata kama hajalipwa. Kliniki ikipata faida ya dola 200,000 na wewe una asilimia 10, unatozwa kodi kwa faida ya dola 20,000, hata kama mkononi ulipokea 6,000 na zilizobaki zikanunua vifaa. Mara nyingi kuna pia kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3. Dai kifungu kinachoilazimisha kampuni kutoa angalau fedha ya kulipia kodi hiyo, na weka akiba kwa malipo ya Aprili, Juni, Septemba na Januari.

Kisha tazama mlango wa kutokea: bei ya hisa zako itakokotolewaje ukiacha, ukifukuzwa, ukiugua? Je, kufukuzwa bila kosa kunapunguza bei? Katazo la kufanya kazi na washindani nalo lichunguze. California, kwa mfano, hailitambui kwa mwajiriwa, lakini hulikubali kwa anayeuza umiliki wake. Kwa hiyo kifungu kisichokuuma ulipokuwa mwajiriwa kinaweza kukuuma ukiwa mbia.

Usiweke dhamana binafsi kwa deni lote la kliniki ukiwa na asilimia 10. Ukifikiria mkopo wa SBA, idara ya serikali ya biashara ndogo, fahamu kwamba masharti yake ya uraia na ukaazi yalikazwa kuanzia 2025, hivyo yathibitishe na benki kabla ya kumpa muuzaji ahadi. Wakili anayeandika mkataba analipwa na kampuni na anailinda kampuni. Tafuta wako, pamoja na mhasibu wako, na uwape vitabu vya hesabu vya kliniki vya miaka mitatu iliyopita wavipitie kabla hujataja bei.