Kuchoma CD Nyumbani na Kuifuta Ile Inayoandikwa Upya

Katika nyumba nyingi za Tanga, kaswida za madrasa, maulidi na taarabu za harusi za Ngamiani zilizokuwa kwenye kaseti zimekwisha kuhamishiwa kwenye kompyuta, lakini bibi au babu anayezitaka anasikiliza kwa redio ya CD. Kwa mtu huyo CD bado ndiyo chombo kinachofaa, na kuichoma, yaani kuiandika kwa kompyuta, hakutakuwa na taabu iwapo utaamua kwanza utatumia CD ya aina gani na itachezwa wapi.

CD-R huandikwa mara moja tu, kwa kuwa leza huunguza tabaka la rangi lililo ndani yake, na rangi ikishabadilika hairudi. CD-RW, iliyoingia sokoni mwaka 1997, ina tabaka la mchanganyiko wa metali ambalo hubadilika likipashwa joto kali na kupoa ghafla, kisha hurudi hali yake likipashwa joto la wastani. Ndiyo sababu inaweza kufutwa na kuandikwa upya takriban mara 1,000. Ila tabaka hilo hurudisha mwanga kidogo, kati ya asilimia 15 na 25, ilhali CD ya kawaida hurudisha takriban asilimia 70, na kwa hiyo redio nyingi za zamani haziisomi kabisa. Mimi naona CD-RW itumike kwa majaribio na kwa kuhamisha nyaraka, na kila unachotaka kukihifadhi au kumpa mzee wako ukichome kwenye CD-R.

Jambo linalowatatiza wengi zaidi ni tofauti kati ya CD ya muziki na CD ya mafaili. Mtu huwa na nyimbo 20 za MP3, kila moja ya dakika tano, ambazo zote pamoja hazizidi MB 100, naye anashangaa programu ikimwambia kwamba hazienei kwenye CD ya MB 700. Sababu ni kwamba CD ya muziki hupimwa kwa dakika, si kwa uzito wa faili: programu huzifungua MP3 na kuziandika kwa sauti kamili isiyobanwa, na nafasi yote ni dakika 80. Taarabu, ambayo wimbo mmoja waweza kufika dakika 10 au kupita, hujaza CD kwa nyimbo saba au nane tu. Ukizichoma kama mafaili, CD hiyohiyo itabeba takriban saa 12 za MP3 za kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde, lakini itasikika tu kwenye deki, redio ya gari au sabufa inayosoma MP3. Soma maandishi yaliyo mbele ya chombo kabla ya kuamua.

Ukitumbukiza CD tupu, Windows itakuuliza kama unataka kuitumia mithili ya flashi au kwa ajili ya mashine za kuchezea CD; kwa mafaili ya MP3 chagua jibu la pili, kwa sababu la kwanza hutoa CD ambayo kwa kawaida husomwa na kompyuta tu. CD ya muziki itengeneze kwa programu ya kuchezea muziki, au kwa ImgBurn ya Windows, au kwa K3b ikiwa unatumia Linux. Nakili kwanza nyimbo kutoka kwenye flashi hadi ndani ya kompyuta, na ufunge programu nyingine. Kwa maulidi yanayoendelea bila kukatika, chagua kuchoma CD nzima kwa mkupuo mmoja, ama sivyo kutaingia kimya cha sekunde mbili kati ya sehemu na sehemu. Kasi ya 16 (huandikwa 16x) inatosha na humaliza CD kwa dakika tano hadi sita. CD-RW ifuate kasi iliyoandikwa juu yake. Umeme ukikatika katikati, CD-R imeharibika, kwa hiyo kompyuta mpakato yenye betri nzima ni salama zaidi. Mwishoni ruhusu programu iifunge CD (finalize), kwani redio haisomi ile iliyoachwa wazi.

Kufuta CD-RW kuko kwa namna mbili. Ufutaji wa haraka huondoa orodha ya yaliyomo tu na kuyaacha mafaili mahali pake, ambako mjuzi anaweza kuyafufua. Ukitaka kumpa mtu mwingine CD iliyokuwa na hati za mshahara au za hospitali, fanya ufutaji kamili, unaochukua dakika 20 hivi kwa kasi ya 4. Ufutaji huohuo ujaribu kwa CD-RW iliyoanza kukataa kuandikwa.

Upande unaohitaji kulindwa zaidi ni wa juu, wenye lebo, maana tabaka la maandishi liko chini tu ya vanishi nyembamba, ilhali upande wa chini umekingwa na plastiki ya milimita 1.2. Andika kwa kalamu laini ya wino wa maji, usibandike karatasi, ambayo kwa unyevu wa pwani yetu hubanduka na kuondoka na tabaka hilo. CD isikae juani wala kwenye dashibodi ya gari. Vumbi lifutwe kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, na ndani ya kasha weka orodha ya nyimbo kwa mpangilio wake, kwa kuwa redio nyingi za CD huonyesha namba tu.